Milioni na Tatu

Kabambare, 22 Machi 1953

Kwako mdogo wangu Hippolyte,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Julienne, na majirani wote waliotushika mkono. Sisi huku tunapumua. Pamba imeanza kutoa maua lakini magugu yanaizidi, na bwana wa kilimo amepita kutukemea, kana kwamba sisi ndio tunaoamuru mvua. Mama yetu mguu umepoa. Anauliza kama bado unakula haraka-haraka. Shule nimeirudia. Watoto wamekuwa wapole kwangu, hata wale wasumbufu, na upole wao ndio unaonichosha.

Kifurushi tumekipokea kwa mkono wa dereva wa lori: gauni la bluu, kitana, rozari, na kile kiatu kimoja. Usijisumbue kutafuta cha pili. Mtoto alikipoteza hapa hapa Krismasi, mtoni, na hakutaka mama yake ajue, basi akarudi Kasongo na kimoja ndani ya mfuko, ameufunga vizuri kana kwamba viko viwili. Mimi nilijua, nikanyamaza. Marcelline amelilaza gauni juu ya mkeka wake na hataki likunjwe.

Asante kwa kumzika mtoto wangu. Sijui namna nyingine ya kuandika maneno haya, basi nayaacha hivyo. Kivuko kilipofunguliwa nasi tukafika kwako, udongo ulikuwa umekwisha kukauka juu yake. Hukutuambia mengi kuhusu homa ile, nami sikuuliza. Hata leo siulizi.

Jambo langu ni msalaba. Padri amesema mwaka ukitimia tutasoma misa, na ule msalaba wa fito mbili uondolewe, uwekwe wa kudumu. Nakuomba utafute fundi mwema hapo Kasongo. Aandike: Léocadie, binti Raphaël na Marcelline, miaka kumi na miwili. Na chini ya hayo, kama itawezekana, nataka iandikwe namba. 1 000 003.

Usifikiri huzuni imenipanda kichwani. Nisikilize kwanza. Krismasi, alipokuja likizo, tulikaa naye nyuma ya nyumba tukimenya karanga za mbegu. Yeye alizipanga chini kwa mistari.

Akasema, “Baba, hizi kumi na mbili ziko na adabu. Zipange mbili-mbili, tatu-tatu, nne-nne, kila moja inapata mwenzake. Sasa ongeza moja. Kumi na tatu. Haya, zipange unavyotaka! Moja itabaki nje.”

Nikamwambia, “Hiyo namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeifundisha kabla hujazaliwa.”

“Mi naziita namba kaidi. Na niko na kaidi moja, Baba, hata sista hajaijua. Milioni na tatu.”

Nikacheka. Nikasema namba kubwa namna ile lazima iwe na mlango mahali fulani, namba itakayoigawanya. Ni kutafuta tu.

“Basi tafuta. Ukiupata mlango, nitakubebea maji mwezi muzima. Usipoupata, utaandika namba yangu juu ya ubao wa shule, watoto wote waisome kwa sauti.”

Tukashikana mikono, naye akatemea mate kiganja chake kwanza, kama wachuuzi wa sokoni.

Hippolyte, nataka kujua kama alisema kweli. Kama ni kweli, nitamwandikia mahali ambapo chaki haifutiki. Kama si kweli, siwezi kusimamisha uongo juu ya kichwa cha mtoto wangu. Kazi si ya kutisha kama inavyoonekana. Namba ikigawanyika, inagawanyika kwa mbili zinazozidishana, na haziwezi zote mbili kupita elfu, kwa kuwa elfu mara elfu na kidogo tayari inapita milioni na tatu. Basi tujaribu zile za chini ya elfu tu. Na kati ya hizo, kaidi peke yake. Maana isiyogawanyika kwa mbili haiwezi kugawanyika kwa nne wala kwa sita. Nimezichuja ubaoni baada ya shule, na orodha iko pamoja na barua hii. Mimi nitatoka chini mpaka mia tano. Wewe una mkono mzuri wa hesabu kwa ajili ya kazi yako ya ukarani kwenye magazini, lile ghala la pamba; chukua kutoka mia tano na tatu mpaka mwisho.

Jambo la pili. Namba kaidi ziko nyingi. Kwa nini alishika hii? Miaka miwili alikaa kwenu akisoma kwa masista, huenda alikwambia. Niandikie.

Na Marcelline asisikie. Unajua kwao wanavyoogopa kuhesabu.

Nakuacha na amani ya Bwana, mimi kaka yako,
Raphaël


Kasongo, 19 Aprili 1953

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako ilinikuta mzima. Julienne anakusalimia, na anamsalimia shemeji Marcelline kwa machozi. Mvua iliangusha ukuta wa jiko letu. Tunapikia nje chini ya mabati mawili na moshi unaingia kwa jirani, naye jirani anaimba nyimbo za kutusema. Mwambie mama kwamba nakula polepole. Si kweli, lakini mwambie.

Kaburini naenda kila Jumapili baada ya misa. Nimepanda maua mekundu, yale ambayo hayahitaji kubembelezwa.

Fundi nimempata, Mzee Faradji, ana kibanda karibu na msikiti. Nilipomweleza alinitazama juu ya miwani yake.

“Mimi Mwislamu, na wewe unaniletea kazi ya msalaba?”

“Ni mbao, Mzee.”

“Mbao naijua, sikukuuliza mbao. Ni ya nani?”

Nikamtajia. Akavua miwani.

“Yule aliyekuwa anapita hapa kila asubuhi? Aliyenihesabia misumari? Siku moja ameipanga yote juu ya benchi yangu, ameniambia: Baba Faradji, uza moja ao nunua moja, namba hii ni kaidi, haitakusikia. Mi nimemufukuza, na kesho yake nimemungojea.” Akapapasa ubao. “Niko na mvule kavu. Nilikuwa nimeuwekea mlango wa shemeji yangu, Ramazani. Ramazani atangoja.”

Anataka kujua upana wa ubao wa katikati, kwa sababu jina ni refu na wewe unataka kuongeza namba. Nimemwambia aache nafasi, tutamjulisha.

Mgawanyo nimeanza. Mia tano na tatu inaingia mara elfu moja mia tisa themanini na nane, inabaki thelathini na tisa. Naendelea kila jioni magazini ikifungwa.

Sina jingine. Kalamu inaisha wino.

Mdogo wako,
Hippolyte


Kabambare, 7 Juni 1953

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu kwa kiangazi. Njia zimekauka na malori yanapita. Mama amevuna mihogo yake. Mbuzi wa jirani aliingia darasani siku ya mkaguzi, akala ramani ya Kongo kuanzia Katanga. Nimekuandikia hilo kwa sababu Léocadie angetaka lifike kwenu.

Mwambie Mzee Faradji kwamba nimelia kwa ajili ya ule mlango wa Ramazani.

Hesabu yangu inakwenda. Angalia jambo hili: saba inabakiza nne. Kumi na moja inabakiza nne. Kumi na tatu inabakiza nne. Nilidhani nimekosea, nikarudia zote. Ni nne. Kisha zikaja nyingine zenye mabaki yao, kila moja na lake, na nilipofika thelathini na saba, nne ikarudi tena, kama mtu aliyesahau kofia. Nikageuka nimwambie. Unajua jinsi mtu anavyogeuka kabla hajakumbuka.

Sasa nikueleze la Marcelline. Karani wa serikali ya Teritwari alikuja kuandika watu. Alisimama mlangoni na daftari lake.

“Mko wangapi nyumba hii?”

“Tuko,” akasema Marcelline.

“Wangapi, mama?”

“Tuko, bwana. Andika: tuko.”

Miaka ya nyuma alikuwa akifunga jiwe dogo kwenye ncha ya kitambaa chake kabla karani hajafika, jinsi mama yake alivyokuwa akifanya, ili hesabu ya mzungu iwe na kitu kisicho mtu ndani yake, isiwe kamili, isiwashike watu. Mara hii hakufunga kitu. Karani akanitazama mimi. Nikajibu: wawili, maana mama ana nyumba yake na huandikwa kwake. Nikaona akifuta tatu ya mwaka jana na kuandika mbili juu yake. Mke wangu aliingia ndani, na jioni chakula changu kilikuwa kimefunikwa, naye hayupo.

Hujanijibu swali langu. Kwa nini milioni na tatu? Labda hukuliona, mwandiko wangu umekuwa mbaya.

Wasalimie wote. Julienne asichoke kuniombea.

Raphaël


Kabambare, 30 Agosti 1953

Hippolyte,

Salamu. Hapa wazima. Sijapata barua yako tangu Aprili. Kila lori likipita namwuliza dereva mpaka sasa ananikwepa. Nadhani ni msimu wa pamba, na magazini imekulemea.

Waweza kuacha kugawanya. Mlango nimeupata.

Nilikuwa nimeruka hamsini na tatu. Sikutaka kuigusa, kwa kuwa ndio mwaka huu wetu, na niliichukia hata kuiona kwenye orodha. Jana nikajilazimisha. Ilikwenda vizuri mpaka mwisho. Nikashusha tarakimu ya mwisho, nikapata mia nne ishirini na tatu. Hamsini na tatu mara nane. Ikaisha. Sifuri. Jibu ni 18 868, hakuna kilichobaki. Sikurudia. Nilijua tu kwamba lazima iwe hiyo. Mwaka uliomchukua ndio uliomgawa.

Basi nimeshinda mimi. Nani sasa atanibebea maji?

Nililia darasani, peke yangu, kama niliyechapwa, na Marcelline alikuwa anatoka shambani akanisikia dirishani. Ilinibidi nimweleze yote: karanga, kushikana mikono, msalaba, wewe kule na mimi huku. Alinisikiliza amesimama na jembe begani. Nilifikiri atanikasirikia. Aliuliza neno moja tu.

“Na ile tatu ni ya nini?”

Nikasema sijui. Akasema, “Milioni ilimutosha. Ile tatu ni ya nini?” Akaenda zake.

Mwambie Mzee Faradji aandike jina peke yake, na ubao aupunguze. Kama amekwisha kuukata mpana, basi.

Kaka yako


Kasongo, 4 Oktoba 1953

Kaka yangu Raphaël,

Nakusalimu kwa heshima, na shemeji, na mama. Sisi wazima. Jiko limejengwa. Julienne alikuwa na homa ya kawaida, imekwisha.

Nisamehe ukimya. Msimu wa pamba ulikuwa mzito, ni kweli, lakini si huo tu. Nitafika huko. Kwanza niseme la haraka.

Kaka, nane mara tatu ni ngapi? Wewe ndiye uliyenifundisha jedwali lile kwa fimbo ya mpera. Mpaka leo nikifika nane mara tatu mguu wangu unaruka. Ni ishirini na nne. Hamsini na tatu mara nane ni mia nne ishirini na nne, si ishirini na tatu. Haiingii. Inaingia mara saba, na inabaki hamsini na mbili. Chukua hiyo 18 868 yako uizidishe mwenyewe: utapata milioni na nne. Ulikosea kwa moja tu. Sikucheki. Najua ulitaka mwaka huu uwe na hatia.

Hukuupata mlango. Hamsini na tatu imeshindwa kama wenzake.

Upande wangu nimemaliza. Kaidi ya mwisho chini ya elfu ni mia tisa tisini na saba. Iliingia mara elfu na tatu, ikabakiza kumi na mbili. Niliiweka kalamu chini nikatoka nje. Hakuna hata moja kati ya zangu iliyoingia. Rudi kwenye zako, umalize.

Sasa swali lako. Nililiona mara zote mbili ulipoliandika.

Mwezi wa Januari, aliporudi kutoka kwenu, tulikuwa barazani, Julienne, yeye na mimi, tunamenya zile karanga mlizotutumia. Akaniambia, “Baba mdogo, unajua kwa nini milioni na tatu? Milioni ni watu wote. Wa Kasongo, wa Kabambare, wa Nyangwe, wazungu, wenye siwajui. Halafu tatu ni Baba, Mama na mimi. Nimetuweka mwisho, tusipotee ndani ya wengine. Sasa aje nani na kisu gani, hatugawanyiki.”

Julienne alitema mate kando. “Mutoto! Unahesabu watu? Unahesabu mama yako? Pangusa kinywa!” Akampa karanga moja kutoka kwenye zile mtoto alizokuwa amezipanga, akamwamuru aitupe nyuma ya nyumba bila kutazama, ili hesabu iharibike. Léocadie akacheka, akaitupa. Julienne akatulia.

Asubuhi yake nilimwona amepiga magoti kwenye majani, anatafuta. Aliipata. Akaipangusa kwa gauni lake, akairudisha kwenye bakuli. Aliniona ninamtazama, akaweka kidole mdomoni. Nami nikaweka changu.

Homa ilianza baada ya hapo. Julienne hajui kwamba karanga ile ilirudi, na ninakuomba asijue, maana analia hata bila kujua hilo. Mimi siamini kwamba karanga inaua mtoto. Munganga wa hospitali alisema ni ugonjwa wa kukaza shingo, na mtaani kwetu nyumba nyingine zilipata msiba uleule, na watoto wao hawakuhesabu kitu. Lakini nilimfikiria shemeji Marcelline na jiwe lake kwenye kitambaa, mkono ukakataa kuandika. Sasa nimeandika. Uamuzi wa kumsomea au kutomsomea ni wako.

Wenu,
Hippolyte


Kabambare, 15 Novemba 1953

Mdogo wangu Hippolyte,

Mvua zimerudi. Mama mzima. Asante kwa nane mara tatu.

Nilimsomea. Niliona kwamba tumenyamaziana vya kutosha katika nyumba hii. Nilisoma mpaka pale Julienne alipotema mate, na Marcelline akasimama. Hakungoja mwisho. Akasema, “Alituhesabu.” Akachukua kitenge chake na lile gauni la bluu, kwa mara ya kwanza amelikunja, akaenda kwa kaka yake, kule Lusangi. Sikumzuia. Alipofika njiani akageuka akasema, “Usiiandike ile namba, Raphaël. Ukiiandika, mimi sirudi.” Wala hakupaza sauti.

Jana nimemaliza zangu. Ya mwisho ilikuwa mia nne tisini na tisa. Ilibakiza saba. Nilirudia zile nilizozitilia shaka, na hamsini na tatu nikairudia kwa ukali, mara hii nikiwa na haki. Hakuna inayoingia. Mtoto alisema kweli, Hippolyte. Milioni na tatu haina mlango popote.

Sijui nilitazamia nini. Nilidhani nikifika hapo nitapata kitu cha kushika. Nilikaa darasani, mvua inapiga juu ya majani ya paa, nami ninajua jambo ambalo mtu pekee wa kumwambia hayupo.

Kisha nikafanya hesabu nyingine, ambayo hukuniagiza. Nilitoa moja. Milioni na mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiona bila kalamu: inagawanyika kwa mbili, papo hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Nusu Kabambare, nusu Lusangi.

Usimjibu Mzee Faradji chochote kwa sasa.

Raphaël


Kasongo, 20 Desemba 1953

Kaka mpendwa,

Noeli njema kwako na kwa mama, ijapokuwa najua ilivyo. Julienne amekutumia chumvi na sabuni kwa mkono wa dereva.

Msalaba umekwisha. Mzee Faradji ameusugua kwa mchanga laini na mafuta ya mawese mpaka mtu anaona kivuli chake ndani yake. Jina amelichonga juu, herufi zimesimama sawa. Chini yake pana nafasi tupu, upana wa viganja viwili, kwa kuwa barua yako ya kupunguza ilifika ubao umekwisha kukatwa. Nilimwambia huenda patabaki vile vile. Akaniambia, “Hippolyte, mi ni fundi. Nafasi tupu ni kama mwanaume amesimama mlangoni na kofia mukononi. Aingie ao atoke, aseme!”

Aseme nini, Kaka? Misa ni Februari.

Na ulimsomea shemeji nusu. Nusu ya pili pia ni ya mtoto wake. Mpelekee.

Hippolyte


Kabambare, 31 Januari 1954

Mdogo wangu Hippolyte, na Julienne, na Mzee Faradji ukimsomea,

Salamu kutoka kwetu. Nasema kwetu, kwa sababu Marcelline yuko ndani ninapoandika. Anachambua mboga na anasikiliza kalamu.

Nilikwenda Lusangi baada ya Mwaka Mpya na barua yako kifuani. Kaka yake alinipa kiti na hakunipa maneno. Marcelline alitoka, akakaa mbali kidogo. Nikamwambia, “Hukungoja mwisho.” Nikasoma kutoka pale mtoto alipoitupa karanga, mpaka pale alipopiga magoti kwenye majani.

“Aliirudisha?” akauliza.

“Aliirudisha.”

“Aliitafuta mwenyewe? Hakuna mutu alimutuma?”

“Hakuna.”

Akaomba nirudie mahali pale. Nilirudia. Akaomba tena. Ile ya kuipangusa kwa gauni ilimfanya aingie ndani na kutoka na gauni lenyewe, akalikunjua magotini, akawa analipapasa kwa vidole, kana kwamba alama ya udongo ingekuwapo bado.

Mwishowe akasema, “Alijua imetupwa kwa ajili ya kumuokoa. Hakutaka tupungue.”

Kisha alilia, Hippolyte. Tangu Kasongo hakuwa amelia, unajua. Kaka yake akaja, akasimama, akaenda kufukuza kuku ambao hawakuwapo.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Njiani ndipo alipozungumza habari ya msalaba, yeye mwenyewe, mimi sikuanza. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa kuwa ameniagiza nisiyatengeneze:

“Kwetu wazima hawahesabiwe. Wafu wanahesabiwa. Siku ya kumaliza matanga wazee wanawataja mumoja mumoja, hawaogope tena, kwa maana hakuna wa kuwachukua. Yeye sasa anaweza kuhesabiwa. Lakini ile namba yake si yake peke yake. Iko yeye, iko mimi, iko wewe. Sisi bado. Ukiiandika leo, unatuhesabu tukiwa tunatembea. Ukiifuta, unatupa karanga yake mara ya pili. Basi fundi aache nafasi.”

Ndivyo itakavyokuwa. Mwambie Mzee Faradji kwamba yule mwanaume amesema: anabaki mlangoni. Jina libaki juu, chini pabaki laini kama alivyopasugua, kwa upana wa tarakimu saba, na mtu akiuliza kwa nini pako wazi, jibuni kwamba kuna watu wanangojewa.

Tunakuja kwa misa, sote wawili, tutaondoka mapema kabla mto haujafurika. Na Marcelline atamwangalia Julienne mwenyewe usoni. Amesema ana neno la kumwambia kuhusu karanga, na usiogope, ni neno zuri.

Deni langu nimelilipa pia. Jumatatu niliandika ubaoni 1 000 003, nikawaambia watoto waisome kwa sauti. Namba tu, sikuwaambia ndani yake mna nani. Waliisoma vibaya, kisha vizuri, kisha kwa kelele, mpaka mbuzi wa jirani akakimbia. Wakauliza ni ya nini. Nikasema ni ya mtu aliyenishinda. Jioni nilishindwa kuifuta. Asubuhi nilikuta Marcelline ameniwekea mtungi wa maji mlangoni mwa shule, ameubeba mwenyewe.

Sasa jambo langu la mwisho, nalo ni zito, ndiyo maana nimeliweka huku chini. Wewe ni mdogo kwangu, na kwa taratibu ya Mungu utabaki nyuma yetu. Akitangulia mmoja wetu, mleteni Kasongo, kivuko kiwe wazi au kimefungwa, mkamlaze karibu naye. Usiandike kitu. Hapo atakuwa amebaki mmoja. Akifuata na huyo, mleteni naye. Ndipo uchukue patasi ya Mzee Faradji, au ya mwanawe, uende mwenyewe, usimtume mtu, uichonge polepole kwa mkono wako mzuri wa karani, moja na sifuri zake tano, na tatu mwishoni.

Hapo tutakuwa tumetimia, na hakuna atakayetugawa.

Kaka yako,
Raphaël